Usiing'oe, Hiyo ni Mboga!

Hebu mama, jioni ya leo watoto wakisha kunawa mikono, waulize swali moja dogo kabla hujawapakulia: wakutajie majina ya mboga saba za majani. Bila shaka wataanza na sukuma wiki, kisha kabichi, kisha spinachi. Huenda wakaukumbuka mchicha. Baada ya hapo wengi watakwama, na aliye mkubwa atasema kwamba zilizobaki "ni za kienyeji tu", kana kwamba kienyeji ni jina la mmea.

Wala si ajabu. Mtoto hujifunza jina la mboga kwa kutumwa kwenda kuichuma. Akikulia mjini, au hata kijijini lakini katika nyumba ambamo mboga hununuliwa kwa mama mboga ikiwa imekwisha kukatwakatwa na kutiwa mfukoni, hana njia ya kujua mnavu unafananaje ukiwa shambani, wala mgagani huchumwa ukiwa na kimo gani. Ndiyo maana tunapozungumza juu ya chakula cha kwetu hatuzungumzi juu ya chungu peke yake. Tunazungumza juu ya elimu isiyokuwa na darasa wala kitabu, iliyotoka kwa bibi ikaenda kwa mama, na kwa mama ikaenda kwa binti, na ambayo yaweza kukatika katika kizazi kimoja tu. Wataalamu wamehesabu nchini Kenya peke yake aina kama 200 za mimea ambayo majani yake huliwa. Zinazofika sokoni ni chache mno, na nyingi katika hizo nyingine hazipandwi na mtu. Hujiotea kandokando ya mashamba, mitoni na penye samadi ya ng'ombe. Asiyezijua hupita juu yake kwa viatu.

Nani aliziita magugu?

Yafaa tujue dharau hii ilitoka wapi, maana haikuanzia jikoni kwetu. Katika siku za ukoloni bustani za walowezi, za misheni na za shule zilipandwa kabichi, karoti na mboga nyingine za Ulaya, na hizo ndizo zilizofundishwa kuwa mboga. Shamba zuri lilikuwa lile lililopandwa kwa mistari. Mmea uliojiotea wenyewe katikati ya mahindi uliitwa gugu, nao ukang'olewa. Hata baada ya uhuru, vitabu vingi vya kilimo viliendelea kuutaja mgagani na mchicha wa porini katika orodha ya magugu. Na mpaka leo ukimwajiri kijana akupalilie shamba bila kumwonyesha kwanza, utaukuta mnavu wako umelala juani pamoja na nyasi.

Toka hapo likaja jambo la aibu. Mboga hizi zikapata sifa ya kuwa chakula cha maskini, cha wakati wa njaa, cha watu ambao hawakwenda shule. Mgeni akibisha hodi, mtoto alitumwa mbio kununua kabichi, ingawa jikoni kulikuwa na sufuria ya kunde iliyoiva vizuri kwa karanga. Bibi arusi aliyetoka kusoma alionekana amerudi nyuma akimpikia mumewe mlenda. Akina mama wengi waliacha kuzipika si kwa sababu hawakuzipenda, bali kwa kuogopa maneno ya watu.

Na hiyo sukuma wiki, ambayo siku hizi tunaiona kama imekuwapo tangu enzi za mababu, ni mgeni aliyetoka Ulaya. Mahindi ya ugali wetu asili yake ni bara la Amerika. Hatusemi wageni hawa wafukuzwe! Muhogo na kiazi kitamu vilitoka huko huko, na hata baadhi ya aina za mchicha. Lakini mama zetu waliyachukua majani ya muhogo wakayatwanga, wakapata kisamvu. Wakachuma majani ya viazi, wakapata matembele. Ukivuka kwenda Kongo utakaribishwa sombe, Rwanda na Burundi wataiita isombe, nayo ni majani yale yale ya muhogo. Chakula huwa cha kwetu kwa kukilima, kukijulia mapishi na kukipa jina. Mboga ambayo hakuna tena aliye na jina lake hupotea ingawa ingali inaota nyuma ya nyumba.

Binti asiyepatana na maziwa

Katika habari hii kuna mama mmoja wa Kenya ambaye haifai kumruka, naye ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango. Alikulia magharibi mwa Kenya. Alipokuwa mtoto mwili wake haukupatana na vyakula vitokavyo kwa wanyama, kama maziwa, mayai na samaki. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo anaijua hofu yake: utamlisha nini akue? Mama yake na bibi zake walimlisha mboga za majani za kila namna, leo hii na kesho ile, wakizichanganya, naye akakua akawa na afya njema.

Alipokwenda chuo kikuu kusomea kilimo alikuta kwamba mboga zilizomlea hazimo katika masomo. Basi katika miaka ya 1990 akaanza kuzichunguza yeye mwenyewe: mbegu zake, jinsi zinavyoota, zina nini ndani yake, na zinapikwaje. Wakati ule mtaalamu kushughulika na mnavu kulikuwa kama mchezo. Mbegu nzuri za kununua hazikuwapo. Mkulima aliyetaka kulima kwa ajili ya soko alitegemea mbegu za kuokota, nusu ya hizo zikikataa kuota. Baadaye Abukutsa-Onyango alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kule Juja, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi ya Kwame Nkrumah. Sisi tunalolipenda zaidi katika kazi yake ni kwamba hakuishia maabara. Alishughulika na mapishi pia, kwa sababu jani lenye virutubisho vyote vya dunia halimsaidii mtoto anayelitema kwa uchungu.

Kwa upande wa Tanzania, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichoko Arusha kimekusanya na kutunza mbegu za mboga za Kiafrika na kuchagua zilizo bora. Mnavu uitwao Nduruma, wenye majani mapana, ni mmoja wa matunda ya kazi hiyo.

Watoto waliotumwa kwa bibi

Mwaka 2007 Kenya iliamua kuanza kazi ambayo kwa maoni yetu ingefaa ifanywe katika kila nchi. Idara ya Utamaduni, Makumbusho ya Taifa ya Kenya, shirika la UNESCO na wazee wa jamii mbalimbali walishirikiana kuorodhesha vyakula vya asili. Mimea yapata 850 iliandikwa pamoja na majina yake ya kienyeji. Fikiria, mama, mimea 850! Na kila jina lilitoka katika kinywa cha mtu, mara nyingi mwanamke mzee.

Sehemu ya pili ya kazi hiyo ndiyo iliyotugusa zaidi. Watoto wa shule za msingi waliingizwa katika kazi ya kuorodhesha vyakula vya kwao, katika jamii mbili zisizofanana hata kidogo: Waisukha wa Kakamega, ambako mvua ni nyingi na kila nyumba ina shamba, na Wapokot wa mashariki, ambao ni wafugaji wa nchi kavu na ambao maziwa ndiyo nguzo ya chakula chao. Mambo yaliyokusanywa kuhusu vyakula vya jamii hizo yalitolewa kuwa vitabu mwaka 2013. Elimu ya bibi ambayo ilikuwa haina daftari ikapata daftari.

Desemba 2021, UNESCO iliiweka kazi hiyo ya Kenya katika rejista yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Heshima hiyo ni njema, lakini tunaona faida kubwa ilikuwa nyingine. Mtoto aliyezoea kuambiwa shuleni kwamba elimu inatoka mjini aliagizwa na mwalimu yule yule aende akamwulize bibi yake. Jambo hilo huweza kubadili jinsi mtoto anavyomtazama bibi, na jinsi anavyokitazama kilichomo sahanini.

Jambo hili halihitaji serikali. Chama cha akina mama cha mtaa wowote kinaweza kununua daftari moja kubwa, kikawakalisha bibi watatu wanne, na kuandika: mboga gani, inaitwaje kwa lugha gani, huota wapi, huchumwa lini, hupikwa pamoja na nini, nani hapaswi kuila. Majina ni muhimu sana kwa sababu majirani wawili wanaweza kuwa na mboga ile ile bila kujua. Mnavu wa Mswahili ndio managu ya Mkikuyu na osuga ya Mjaluo. Mgagani ndio dek kwa Mjaluo na chinsaga kwa Mkisii, na katika masoko ya Nairobi wauzaji huuita saga tu.

Ndani ya jani mna nini?

Tuseme kwanza lisilo kweli. Siku hizi kuna watu wanaozitangaza mboga hizi kwamba zinaponya kisukari, shinikizo la damu na hata saratani. Mboga si dawa, na mgonjwa aliyeandikiwa vidonge asiviache kwa sababu amekula mgagani. Vilevile mama mjamzito aendelee kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Majani humsaidia lakini hayachukui nafasi ya vidonge.

Sasa lililo kweli. Gramu 100 za majani mabichi ya mchicha zina madini ya kalisi kama miligramu 215, hali kabichi ya uzito huo huo ina kama miligramu 40. Madini ya chuma, ambayo damu yetu inayahitaji, ni kama miligramu 2.3 katika mchicha na nusu miligramu tu katika kabichi. Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni katika vitamini A, ambayo hulinda macho ya mtoto na kumpa nguvu ya kupigana na magonjwa: mchicha unayo tele, kabichi nyeupe karibu haina kitu. Kwa vitamini C hazipitani sana. Ni haki tuseme pia kwamba si kalisi yote iliyomo katika mchicha inayoingia mwilini, maana jani hilo lina asidi inayoizuia kidogo. Hii ndiyo sababu moja ya kuzibadilisha mboga badala ya kung'ang'ania moja, leo mchicha, kesho kunde, keshokutwa mnavu, kama walivyofanya bibi zetu bila kuambiwa na mtu.

Chungu na moto

Adui mkubwa wa mboga ni moto mrefu. Jani laini kama la mchicha linatosheka na dakika chache. Ukiliacha mpaka ligeuke rangi ya majani ya chai, vitamini C imekwenda na mvuke. Osha mboga kabla ya kuikata, si baada ya kuikata. Maji uliyochemshia usiyamwage ovyo, isipokuwa mboga ni chungu mno. Hata hivyo mwaga mara moja tu. Tia mafuta kidogo, au karanga zilizotwangwa, au tui la nazi, kwa maana vitamini A ya majani haichukuliwi vizuri na mwili pasipo mafuta. Kumbe karanga za bibi hazikuwa za ladha peke yake! Nyanya au maji ya ndimu husaidia chuma kuingia mwilini. Chai huzuia, kwa hiyo kikombe cha chai kingoje kama saa moja baada ya chakula.

Uchungu wa mnavu na mgagani ndio unaowafukuza watoto na, tuseme kweli, baadhi ya waume. Dawa yake inajulikana tangu zamani. Magharibi mwa Kenya mboga chungu huchanganywa na zisizo chungu, kwa mfano mgagani na mchicha au majani ya kunde. Wengine huichemsha, huitia maziwa na kuiacha ilale mpaka kesho yake, ndipo huliwa; siku ya pili huwa tamu kuliko ya kwanza. Mlenda ukipikwa pamoja na majani ya kunde huteleza vizuri bila kuzidi. Kuhusu magadi na chumvi ya majivu, tunajua akina mama wengi hawawezi kupika mlenda pasipo kuvitia, na kweli hulainisha upesi, lakini huharibu vitamini. Punje kidogo yatosha.

Pana maonyo mawili. Matunda mabichi ya mnavu, yale ya kijani, yana sumu; mtoto asiachiwe kuyachezea mdomoni. Na kisamvu ni lazima kitwangwe sana kisha kichemshwe vya kutosha, sufuria ikiwa wazi, kwa kuwa jani la muhogo lina sumu inayotoka kwa kutwangwa na kwa moto. Anayesaga kwa mashine na kukipika haraka haraka kwa kubana gesi anajidanganya.

Sokoni macho yawe wazi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mboga hizi zilianza kuonekana katika maduka makubwa ya Nairobi, zikiwa zimefungwa vizuri karibu na kabichi zilizokuwa zikizicheka. Leo hata hotelini mtu huagiza ugali, samaki na managu bila kuona haya. Tunafurahi, lakini ushindi huu una gharama yake. Mjini fungu la mnavu mara nyingi ni ghali kuliko la sukuma wiki, na lile lililokuwa chakula cha maskini sasa linaelekea kumshinda maskini.

Bei ikipanda, tamaa nayo hupanda. Katika miji yetu wako wanaolima mboga kando ya mitaro na mito iliyochafuka, wakimwagilia kwa maji ya choo na ya viwanda. Mboga ya namna hiyo hupendeza macho, imenawiri na ni nyororo, kumbe imebeba vijidudu na madini mabaya kama risasi. Vijidudu utawaua kwa moto; risasi haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Kwa hiyo mwulize mama mboga wako inakotoka mboga yake. Asikasirike, muuzaji mwema hupenda kuulizwa, na mkizoeana atakuambia hata siku asiyoiamini. Neno "kienyeji" peke yake si hakikisho la usafi.

Njia iliyo salama zaidi na rahisi zaidi ni kupanda yako, hata kama una uwanja wa kuanikia nguo tu. Gunia la udongo uliochanganywa na samadi, likitobolewa ubavuni, hubeba miche mingi. Mchicha huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne tangu kupandwa, na ukichuma kwa kukata ncha utachipua tena. Hakuna mboga inayomlipa mama upesi hivyo. Zikizidi wakati wa mvua, kausha. Kunde na mlenda hukaushwa tangu zamani kwa ajili ya kiangazi. Lakini anika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali huiua vitamini A.

Mbegu ni ya nani?

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukulifikiria: kwamba mama kumpa jirani yake kikombe cha mbegu kungeweza kuwa kosa. Sheria ya mbegu ya Kenya, baada ya marekebisho ya mwaka 2012, ilikataza kuuza na kubadilishana mbegu zisizothibitishwa, na adhabu yake iliweza kufika kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni 1, au vyote viwili. Makusudi yalikuwa kumlinda mkulima na mbegu za udanganyifu, na hakika walanguzi wa mbegu mbovu wapo. Lakini mbegu nyingi za mboga za asili hazijawahi kupita mikononi mwa kampuni. Zimehifadhiwa na wanawake, katika vibuyu na vitambaa juu ya meko. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani kuipinga sheria hiyo, na Novemba 2025 Mahakama Kuu kule Machakos ikaamua kwamba vifungu vilivyowakataza wakulima kutunza na kupeana mbegu zao vinakwenda kinyume cha katiba.

Basi tunza mbegu zako. Usichume kila mmea. Chagua miwili mitatu iliyo na afya kuliko mingine, uiache izeeke. Kichwa cha mchicha kikikauka kikung'ute juu ya kitambaa, nazo mbegu ndogo nyeusi zitamwagika zenyewe. Mnavu uache uzae, matunda yaive kabisa, kisha yapondwe katika maji. Nyama itaelea, mbegu zitazama. Zioshe, uzianike kivulini. Mgagani hutaka jicho kali, kwa maana maganda yake yakikauka hupasuka na kutawanya kila kitu, kwa hiyo yavune yanapogeuka manjano. Weka mbegu katika chupa kavu yenye kifuniko, na umwache mtoto aandike juu yake jina la mboga kwa lugha ya nyumbani pamoja na mwezi wa kuvuna. Na ukipanda mgagani mara tu baada ya kuvuna, usishangae mbegu zikikataa kuota. Hazijafa. Mbegu ya mgagani hulala kwanza kwa miezi kadhaa. Ngoja, kisha ujaribu tena mvua zikikaribia.